Van Gogh na Majirani Zake

Hujafa hujaumbika, husema wazee wetu. Methali hiyo ilinijia majuzi, kijana mmoja wa mtaani petu aliporudishwa hospitali ya maradhi ya akili kwa mara ya tatu. Kila alipotoka alipewa dawa, lakini mtaani hakuna aliyemtolea salamu. Watoto walimzomea na watu wazima tukampishia njia. Nasema tukampishia kwa kuwa nami, Mungu anisamehe, nilikuwamo.

Ndipo nikamkumbuka marehemu Vincent van Gogh, mchoraji wa Kiholanzi ambaye leo picha zake zauzwa kwa mamilioni. Alizaliwa mwaka 1853 katika kijiji cha Zundert, baba yake akiwa kasisi. Alijaribu biashara ya picha, ualimu na uhubiri, zote zikamshinda, hata akashika brashi akiwa na miaka 27. Aliyemlisha na kumnunulia rangi ni ndugu yake mdogo, Theo.

Mwaka 1888 alihamia Arles, kusini mwa Ufaransa, na usiku wa tarehe 23 Desemba akili ikamruka, akajikata sikio. Alilazwa hospitali ya mji, akahudumiwa na daktari kijana, Félix Rey, na tarehe 7 Januari 1889 akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwezi mmoja baadaye alirudishwa. Alipotoka tena, majirani wapatao 30 walitia saini barua kwa meya wakitaka aondolewe. Polisi wakaifunga nyumba yake, naye akarejeshwa wodini kwa sababu ya barua ile.

Mei 1889 alikwenda kwa hiari yake hospitali ya Saint-Rémy, akakaa mwaka mzima. Maradhi yalimrudia mara kadhaa, na kila alipopata nafuu alichora, hata zikatimia picha kama 150. Mei 1890 alitoka, Theo akampeleka Auvers, karibu na Paris, ili Daktari Gachet awe akimtazama. Tarehe 27 Julai alijipiga risasi, na baada ya siku mbili akafariki, umri wake miaka 37. Theo naye alikufa miezi sita baadaye.

Sisemi kwamba majirani ndio waliomuua. Maradhi ni maradhi, na matabibu hata leo hawajakubaliana juu ya jina lake. Lakini atokaye hospitali ya akili huhitaji mtu wa kumuuliza kama amekunywa dawa, wa kumsindikiza kliniki, na wa kuketi naye barazani jioni. Nasi haki ya jirani tumefundishwa tangu chuoni, tungali watoto.

Kijana wetu atatoka karibuni, inshallah. Nimekwisha kumwambia mamake kuwa siku ya kliniki nitakwenda naye mimi.