Mtakatifu Vincent de Paul, Padri wa Maskini

Katika furaha ya jubile yetu yafaa tukumbuke maisha ya padri mmoja wa zamani, aliyeonyesha Kanisa lote kwamba mapendo ya Mungu na mapendo ya jirani ni mapendo mamoja.

Vincent de Paul alizaliwa mwaka wa 1581 katika kijiji cha Pouy, kusini mwa Ufaransa, katika jamaa ya wakulima. Alipokuwa mwanafunzi mjini Dax, alimwonea haya baba yake, kwa sababu alichechemea na kuvaa nguo za kimaskini. Alipewa upadri mwaka wa 1600, akiwa kijana bado, na kwa miaka mingi alitafuta cheo chenye mapato mazuri. Mungu alimgeuza moyo polepole.

Mwaka wa 1617 alikuwa paroko wa Châtillon. Siku moja ya Mungu, mwezi wa Agosti, kabla ya misa, alipashwa habari ya jamaa moja iliyokaa mbali kidogo na mji: wote walikuwa wagonjwa, wala hapakuwa na mtu wa kuwatunza. Akawaombea msaada katika mahubiri. Alipokwenda kuwatazama, alikuta njia imejaa watu waliokwenda na kurudi wakipeleka vyakula. Alifurahi, lakini alitambua kwamba vyakula vingi vya siku moja vitaoza, na wagonjwa watarudia njaa yao. Mapendo yalikuwapo, utaratibu haukuwapo.

Basi akawakusanya wanawake wa parokia katika Chama cha Mapendo, kila mmoja na zamu yake. Aliwaandikia kanuni: mwenye zamu atandike kitambaa cheupe, amnawishe mgonjwa mikono, abariki chakula, amlishe kwa upole kama mama na mtoto wake. Aanze na wale wenye watu karibu nao, amalize na walio peke yao, apate kukaa nao zaidi.

Mwaka wa 1625 alianzisha Shirika la Misioni, na mwaka wa 1633, pamoja na Louise de Marillac, Mabinti wa Mapendo. Wakati ule masista wengi waliishi ndani ya kuta za monasteri, lakini hawa walipita barabarani na kuingia nyumba za wagonjwa. Je, sista aliye katika sala afanye nini maskini akimhitaji? Vincent aliwafundisha waiache sala bila wasiwasi, kwani Mungu waliyemwacha kanisani watamkuta penye kitanda cha mgonjwa. Hata hivyo hakuidharau sala. Yeye mwenyewe aliamka saa kumi ya alfajiri ili asali kabla ya kazi.

Alifariki mjini Paris tarehe 27 Septemba 1660. Aliandikwa kati ya watakatifu mwaka wa 1737, na mwaka wa 1885 Papa Leo XIII alimweka kuwa msimamizi wa vyama vya mapendo.

Ndugu, katika jubile tunahesabu ubatizo, ndoa na majengo. Tuhesabu pia wagonjwa wa mitaa yetu wasiotembelewa na mtu. Tukitoka misani bila kuwafikia, sala yetu imeishia njiani.