Bwana Wayland na Mafuta ya Ziwa Albert

Wasomaji wengi wamesikia habari za bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Mimi niliposikia habari hizo nilitaka kujua ni nani aliyeyachunguza mafuta hayo hapo zamani, nikakutana na jina la Bwana Edward James Wayland.

Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1888. Baada ya kufanya kazi Msumbiji na Ceylon, alifika Uganda mwaka 1919 kuanzisha idara ya jiolojia, makao yake Entebbe. Wenyeji wa Ziwa Albert walikuwa wamekwisha kujua kuwa mahali pengine, kama Kibiro, mafuta huchuruzika kutoka ardhini. Wayland alifunga safari akaenda kutazama, na mwaka 1925 akatoa kitabu kilichoeleza mahali 52 pa namna hiyo.

Lakini msidhani kwamba penye kuvuja lazima pana utajiri. Mtungi unaovuja huenda umebaki mtupu! Chini ya ardhi yatakiwa mambo matatu: tope la kale lenye mabaki ya viumbe wa majini, lililopikwa kwa joto la ardhi hata yakatoka mafuta, mchanga wa kuyashika, tena udongo mzito juu yake wa kuyazuia yasipande. Michuruziko ile ilithibitisha jambo la kwanza tu. Hayo mengine hayajulikani kwa hakika mpaka kuchimba.

Basi mwaka 1938 kisima cha Waki kilichimbwa karibu na Butiaba, kikashuka zaidi ya mita 1,200. Dalili za mafuta zilionekana, lakini mafuta ya kuuza hayakupatikana. Mwaka uliofuata Wayland aliondoka Uganda, vita vikaanza, na kazi ikafifia.

Si kila alilosema lilisimama. Kokoto alizodhani ni zana za watu wa kale, wataalamu wa baadaye waliona kuwa zilivunjwa na maji ya mto tu. Kwa hiyo mtu angeweza kuyatilia shaka na maneno yake ya mafuta.

Alifariki mwaka 1966. Mwaka 1983 bonde lilipimwa kwa ndege. Hatimaye mwaka 2006, miaka 81 tangu kitabu chake kitoke, mafuta ya kutosha biashara yalithibitishwa huko Mputa, na ziko sehemu za bonde hilo ambazo hazijachimbwa bado.