Giotto na Duara Lake

Katika kozi ya semantiki tunafundishwa kwamba neno moja laweza kubeba maana mbili, na kwamba jamii hucheza na maana hizo. Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki katika lugha zetu za Kibantu. Unatoka Toscana, nchini Italia, na umefungamana na maisha ya mchoraji Giotto di Bondone.

Giotto alizaliwa karibu na mwaka 1267 katika eneo la Firenze. Inasimuliwa kwamba alikuwa mchunga kondoo, na kwamba mchoraji Cimabue alimkuta akichora kondoo juu ya jiwe, akamchukua kuwa mwanafunzi wake. Wanahistoria wengi wanaiona kuwa hadithi tu. Lililo hakika ni kwamba angali hai, mshairi Dante alimtaja katika utenzi wake kama mtu aliyeizima sifa ya Cimabue.

Kisa chake kinachojulikana zaidi kiliandikwa na Giorgio Vasari mwaka 1550, zaidi ya miaka 200 baada ya kifo chake. Baba Mtakatifu alitaka mchoraji wa kupamba kanisa la Mtakatifu Petro, akamtuma mjumbe akusanye kazi za mafundi. Mjumbe alimkuta Giotto kazini Firenze, akamwomba mchoro mdogo. Giotto alitwaa karatasi, akachovya brashi katika rangi nyekundu, akabana mkono ubavuni, na kwa mzunguko mmoja akachora duara kamili, bila bikari, au kompa kama tunavyosema hapa kwetu. Mjumbe aliuliza kama hatapewa kingine. Akajibiwa kwamba hicho kinatosha na kuzidi. Aliondoka amekasirika, akidhani amefanyiwa mzaha. Lakini alipoeleza huko Roma jinsi mkono ulivyokwenda, wajuzi walielewa mara moja.

Katika Kitoscana neno tondo lina maana ya kitu cha mviringo. Pia ni mtu mzito wa akili. Vasari anaeleza kwamba kutokana na kisa hicho watu walizoea kumwambia asiyeelewa haraka kwamba ni tondo kuliko O ya Giotto. Kiswahili nacho kinaujua mchezo huu: twazungusha gurudumu, na twamzungusha mdai kwa ahadi za kesho na keshokutwa. Kwa maoni yangu, bila maana mbili za tondo kisa hiki kisingedumu. Hata ninashuku kwamba usemi ndio uliotangulia, kisa kikaja nyuma kuueleza, kama inavyotokea kwa methali nyingi.

Maduara yanayoonekana hadi leo yako kwenye kuta za kanisa dogo huko Padova. Enrico Scrovegni, tajiri wa mji huo, alinunua kiwanja mwaka 1300. Kanisa likawekwa wakfu tarehe 25 Machi 1305. Baba yake, Reginaldo, ndiye ambaye Dante alimweka motoni pamoja na wala riba. Wengi wanaamini kwamba mwana alijenga ili kuliosha jina la ukoo.

Giotto alizijaza kuta za ndani kwa freski. Kazi hiyo haina haraka wala mzaha: fundi anapaka lipu mbichi ya chokaa, kipande anachoweza kukimaliza siku hiyo, kisha anatia rangi kabla haijakauka. Akikosea, anakwangua na kuanza upya. Katika ufundi wa wakati ule, duara la nuru lilichorwa kwa kukita ncha ya bikari kwenye lipu. Mzunguko mmoja wa mkono usingetosha.

Juu darini, kwenye buluu iliyojaa nyota, aliwaweka Kristo, Maria na Mtoto, na manabii, kila mmoja ndani ya duara lake. Ukutani, watakatifu wana maduara ya dhahabu vichwani. Kisha inakuja picha ya busu la Yuda: nyuso mbili zimekaribiana kabisa, ule wa Yesu una duara, ule wa Yuda hauna. Sisi wa isimu tumezoea kusema kwamba alama isiyokuwepo nayo ina maana, kama umoja wa neno tunda usiokuwa na kiambishi. Giotto aliuandika usaliti kwa duara ambalo hakulichora.

Mwaka 1334 Firenze ilimkabidhi usimamizi wa ujenzi wa kanisa kuu, akaanza mnara wa kengele. Alifariki tarehe 8 Januari 1337, mnara ukiwa umefika sehemu ya chini tu. Karatasi ya duara jekundu, kama iliwahi kuwepo, imepotea. Kuta za Padova zimebaki, na tangu mwaka 2021 zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Atakayebahatika kuingia humo atazame nani amepewa duara na nani amenyimwa.