Rudolf Diesel na Injini Isiyohitaji Cheche

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini kwa nguvu mara nyingi. Gusa upande wa chini wa pampu. Utaona kwamba umepata joto. Hewa ikigandamizwa kwa haraka hupata joto. Jambo hili ndilo lililomwezesha mtu mmoja kuunda injini mpya.

Mtu huyo ni Rudolf Diesel. Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, na jamaa hiyo ikakimbilia London bila mali. Rudolf alikuwa na umri wa miaka 12, sawa na baadhi yenu. Alipelekwa Augsburg, Ujerumani, akae na jamaa zake na kusoma. Baadaye aliingia chuo cha ufundi cha Munich. Mwaka 1880 alifaulu mitihani yake kwa sifa kubwa.

Huko chuoni alijifunza jambo lililomsumbua. Mashine za mvuke zilipoteza joto jingi mno. Fikiri kwamba umechoma magunia kumi ya makaa ya mawe, na gunia moja tu ndilo lililofanya kazi. Diesel alitaka kupunguza hasara hiyo.

Wakati ule injini za petroli zilikuwa zimeanza kutumika. Ndani ya silinda ya injini hiyo, pistoni hugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche ya kuuwasha. Lakini mchanganyiko huo ukigandamizwa kupita kiasi huwaka kabla ya wakati wake. Diesel aliwaza njia nyingine. Hewa peke yake igandamizwe mpaka iwe na joto kali, halafu mafuta yanyunyizwe ndani yake. Mafuta hayo yatawaka yenyewe, bila cheche.

Kueleza wazo ni rahisi kuliko kulitenda. Katika jaribio la kwanza, mwaka 1893, chombo cha kupimia mgandamizo kilipasuka na vipande vyake vikaruka. Diesel na mafundi wa kiwanda cha Augsburg hawakukata tamaa. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Waliendelea kuirekebisha kwa miaka mitatu zaidi. Mwaka 1897 injini ilipimwa, ikaonekana kwamba zaidi ya robo ya joto la mafuta iligeuka kuwa kazi. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini moja ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Sasa waweza kuelewa kwa nini malori, matrekta na meli nyingi hutumia dizeli. Injini ya dizeli hutumia mafuta kidogo, nayo huvuta mzigo mzito hata ikizunguka polepole. Lakini silinda zake hazina budi kuwa imara ili zistahimili mgandamizo mkubwa. Kwa hiyo injini hiyo ni nzito na ghali. Moshi wake pia una masizi yanayodhuru mapafu. Injini ya petroli ni nyepesi, na ndiyo maana hufaa pikipiki na motokaa ndogo. Achaguaye injini huanza kwa kujiuliza: itafanya kazi gani?

Diesel alipata utajiri, lakini ulimponyoka, akabaki na madeni makubwa. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akiwa safarini kwa meli kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza, alitoweka. Siku chache baadaye maiti yake ilionekana baharini. Hakuna ajuaye kwa hakika jinsi alivyokufa. Malori ya kwanza yenye injini yake yalionyeshwa mwaka 1924, naye hakuyaona. Hata hivyo, kila utajapo dizeli, unataja jina lake.

Maswali
1. Mafuta ya dizeli huwakaje bila cheche?
2. Kwa nini injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli?
3. Mkulima anataka injini ya trekta. Utamshauri achague ipi? Toa sababu mbili.