Tarasov, kocha aliyefundisha hoki ya barafu bila barafu

Siakago ukitafuta barafu utaipata sehemu mbili tu: ndani ya friji ya soda pale stendi, au kule juu ya Mlima Kenya alfajiri kabla mawingu hayajaufunika. Na hiyo ya mlimani yenyewe inazidi kuisha. Kwa hivyo nikikuambia leo story ni ya hoki ya barafu, najua utacheka. Cheka, halafu usome. Huyu mzee ninayekuletea alianza kufundisha mchezo huo wakati timu yake ilikaa miezi mingi ya mwaka bila barafu, bila ukumbi, na karibu kila mtu nchini mwake alikuwa ndiyo mwanzo anaujua. Ukimfikiria vizuri, hali yake haikuwa mbali na ya yule jamaa anayefundisha watoto mpira jioni kwenye kiwanja cha vumbi pale mtaani kwenu.

Jina lake Anatoly Tarasov. Warusi humwita baba wa hoki yao. Amekuwa kaburini tangu 1995, lakini mpaka leo makocha wa mchezo huo, Canada na Marekani pia, bado wanatumia mambo aliyoyabuni.

Alizaliwa Moscow mnamo Desemba 1918. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka tisa tu, wakabaki na mama. Yeye na mdogo wake Yuri walikulia kwenye michezo: kiangazi soka, majira ya baridi bandi. Bandi ni kama magongo ya kawaida, ila inachezwa juu ya barafu, watu 11 kila upande, na mpira wa duara. Hoki tunayoiona kwenye filamu, ile ya watu sita kila upande wanaogombania kisahani cha mpira mgumu ndani ya uzio, waliita hoki ya Kikanada. Muungano wa Sovieti ulianza ligi yake ya kwanza ya mchezo huo Desemba 1946. Wakanada walikuwa wameucheza miongo mingi.

Sasa jiweke kwenye viatu vya Tarasov. Ana miaka 28. Amepewa timu ya jeshi la anga, anacheza na kufundisha kwa wakati mmoja. Anayeimiliki hiyo timu kwa nguvu zote ni Vasily Stalin, mtoto wa Stalin mwenyewe. Wewe ungefanya nini? Wengi wangeinamisha kichwa na kusema ndiyo mkubwa. Tarasov alikosana naye, akaondoka, akahamia timu ya jeshi la nchi kavu, ambayo baadaye iliitwa CSKA. Huko ndiko alikojenga maisha yake yote ya kazi.

Shida ya kwanza ilikuwa barafu. Unaweza kudhani Moscow barafu ni bure, lakini inapatikana majira ya baridi tu. Mechi zilichezwa nje, kwenye baridi kali, na ikifika masika uwanja unayeyuka. Ukumbi mkubwa wa Luzhniki ulifunguliwa mwaka 1956, yaani miaka kumi baada ya ligi kuanza. Wakanada walikuwa na kumbi, vifaa na uzoefu. Mwalimu wa Tarasov chuoni, mtaalamu wa soka aliyeitwa Mikhail Tovarovsky, alimshauri asihangaike kuwaiga Wakanada. Abuni hoki yake.

Basi akabuni. Barafu ikiisha, wachezaji wake walikimbia, walibeba vyuma, walibebana mgongoni, walipiga sarakasi, walicheza soka na mpira wa kikapu. Alitaka mchezaji awe mwanamichezo kamili kabla hajavaa viatu vya kuteleza. Na ndani ya mchezo wenyewe akabadilisha mawazo. Wakanada walitegemea nguvu na mtu mmoja mmoja kusukuma kisahani mbele. Yeye akataka pasi, pasi, pasi. Wachezaji watano wanasogea pamoja, aliye na kisahani akitafuta mwenzake, na wasio nacho wakifungua nafasi. Kama wewe ni mtu wa soka unaelewa hiyo lugha bila kufafanuliwa.

Halafu Januari 1950 likaja jambo lililomvunja. Ndege iliyobeba timu ya jeshi la anga, ile ile aliyoiacha, ilianguka karibu na Sverdlovsk. Watu 19 walikufa wote. Kumi na mmoja walikuwa wachezaji, na mmoja wao ni Yuri, mdogo wake. Ndani ya ndege hiyo walikuwemo pia daktari wa timu na mkandaji wa misuli. Hao wawili wanakumbukwa na wachache sana. Timu ikisafiri, wao husafiri, na timu ikianguka, wao huanguka nayo, lakini hakuna anayevaa jezi yenye jina lao. Tarasov alirudi kazini na akaendelea kufundisha.

Tuongee kidogo kuhusu cheo, maana hapa vijana wengi tunakwama. Kuanzia 1958 hadi 1960 Tarasov alikuwa kocha mkuu wa timu ya taifa. Matokeo? Fedha, fedha, halafu shaba kwenye Olimpiki ya 1960. Kwa Wasovieti, hiyo ilikuwa aibu. Akaondolewa. Aliporudi miaka michache baadaye alirudi kama namba mbili, chini ya Arkady Chernyshev, mtu mpole wa klabu ya Dynamo, wapinzani wakubwa wa CSKA. Hebu fikiria kocha wa Gor Mahia na kocha wa AFC Leopards wanakalishwa benchi moja, na yule mwenye sauti kubwa anaambiwa awe msaidizi.

Ilifanya kazi vibaya sana, kwa maana nzuri ya neno hilo. Tarasov aliwachemsha wachezaji mazoezini, Chernyshev akawatuliza wakati wa mechi. Kuanzia 1963 mpaka 1971 walichukua ubingwa wa dunia mara tisa mfululizo. Wakachukua dhahabu ya Olimpiki 1964, 1968 na 1972. Nyumbani, CSKA chini ya Tarasov ilibeba ligi zaidi ya mara 15. Kwa hivyo ukiambiwa wewe ni msaidizi tu, kumbuka kwamba kipindi kikubwa kuliko vyote katika maisha ya huyu mzee kilipita akiwa msaidizi.

Lakini sitaki nikuuzie malaika, kwa sababu Tarasov alikosea, na mara nyingine kosa lake lilirekebishwa na watu waliokuwa nyuma yake. Mfano ni Valeri Kharlamov. Huyu alikuwa kijana mdogo wa umbo, mama yake Mhispania, na utotoni aliugua ugonjwa uliomsumbua moyo mpaka madaktari wakamkataza michezo. Baba yake alimpeleka kwenye majaribio ya CSKA kimya kimya. Tarasov alimwona mdogo mno. Wakanada wangemponda, hivyo ndivyo alivyofikiri. Boris Kulagin, msaidizi wake, ndiye aliyemwamini huyo kijana. Kharlamov akapelekwa mbali kabisa, mji wa Chebarkul kule Urali, kwenye timu ndogo ya jeshi, chini ya kocha Vladimir Alfer. Kule alifunga magoli zaidi ya 30 kwa msimu. Tarasov akamrudisha haraka Moscow, na baadaye dunia nzima ikamjua Kharlamov kama mmoja wa wachezaji bora waliowahi kukanyaga barafu.

Umewahi kusikia jina la Alfer kabla ya leo? Ndiyo maana naliandika.

Kwa kipa, jicho la Tarasov halikukosea. Vladislav Tretiak alikuwa kijana wa shule ya michezo ya CSKA alipoitwa kusaidia mazoezi ya wakubwa. Tarasov alimfanyisha kazi kama punda. Alimtaka atembee na mpira wa tenisi kila mahali, aurushe na kuudaka, ili mikono izoee. Akiwa na miaka 19, Tretiak alikuwa langoni Olimpiki ya 1972, na akarudi na dhahabu.

Sasa tufike kwa watoto, maana hapo ndipo namheshimu zaidi. Mwaka 1964 Tarasov alisukuma wazo la mashindano ya watoto yaliyoitwa Kisahani cha Dhahabu. Watoto hao walitoka kwenye nyua za magorofa, mitaani na vijijini, mahali ambapo watu wa mtaa wenyewe walimwaga maji usiku ili yagande na asubuhi watoto wapate pa kucheza. Timu ya mtaa ikishinda mtaa, inaenda wilaya, inaenda jimbo, mpaka fainali ya nchi nzima. Kocha wa mabingwa wa dunia alikuwa na muda wa kuhangaikia ligi ya watoto wa mtaani. Mashindano hayo yapo mpaka leo, na yeye amekufa zaidi ya miaka 30.

Hasira zake nazo zilikuwa na bei. Mei 1969, CSKA wakicheza na Spartak mechi ya kuamua ubingwa, waamuzi walikataa goli la CSKA kwa madai kwamba muda ulikuwa umekwisha. Tarasov akaitoa timu nzima nje ya barafu. Zaidi ya nusu saa, mechi imesimama. Na aliyekaa jukwaani akitazama ni Leonid Brezhnev, kiongozi wa nchi. Timu ilirudi, ikafungwa, na Tarasov akavuliwa cheo cha heshima cha ukocha. Baadaye mwaka huo alirudishiwa, lakini wakubwa hawakusahau.

Baada ya dhahabu ya 1972, yeye na Chernyshev waliachana na timu ya taifa. Miezi saba baadaye ndiyo ikaja ile mechi aliyoisubiri maisha yake yote: Sovieti dhidi ya nyota wa kulipwa wa Canada, mechi nane. Canada nzima iliamini itawafagia. Mechi ya kwanza, Montreal, Septemba 2, Sovieti 7, Canada 3. Kharlamov alifunga mawili. Tretiak, miaka 20, alikuwa langoni. Canada ilijikokota mpaka ikashinda mfululizo huo kwa tofauti ya mechi moja tu. Na kwenye benchi la Sovieti, Tarasov hakuwepo. Alikuwa amepanda, akamwagilia, akapalilia, siku ya kuvuna kiti chake kikakaliwa na mwingine.

Hakukunja mikono. Mwaka 1975 alijaribu kufundisha timu ya soka ya CSKA, ikamaliza ligi ikiwa ya 13, kwa hivyo usidhani kila alichogusa kiligeuka dhahabu. Mwaka 1974 Wakanada, wale wale aliowasumbua, walimweka kwenye Jumba la Mashujaa wa hoki Toronto. Na binti yake Tatiana, ambaye jeraha lilimkatisha kuteleza kwa jozi barafuni akiwa bado mbichi, aliingia ukocha na akatoa mabingwa wengi wa Olimpiki. Kazi ya baba ilihamia kwa mtoto.

Sasa utaniuliza, hii yote inahusu nini Mbeere, mahali ambapo watu wanajua muguka na jua?

Nairobi, kwenye hoteli ya Panari kule Mombasa Road, kuna uwanja wa barafu mdogo kuliko ule rasmi. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya Ice Lions, na wengi wa wachezaji wake walianza kwa viatu vya magurudumu juu ya lami. Kocha wao Tim Colby, Mkanada, alikuwa na kazi kama ya Tarasov: barafu kidogo, vifaa vya kuokoteza, vijana wenye njaa ya kucheza. Mwaka 2018 walipelekwa Canada, wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Walipokuwa hawana barafu, walitumia lami. Hiyo ni akili ya Tarasov hata kama hakuna aliyewatajia jina lake.

Hapa Siakago tuna viwanja. Havina nyasi, vina mawe, na ng'ombe hupita katikati ya kipindi cha pili, lakini vipo. Watoto nao wapo, wengi tu. Kinachokosekana ni watu wa kubaki nao: wa kuwafundisha, wa kushona wavu, wa kumpeleka aliyeumia zahanati, wa kuandika majina kwenye daftari ili kesho ijulikane nani hakuja na kwa nini. Wengi wetu tunasubiri mfadhili, au uwanja wa kaunti, au tuitwe makocha wakuu ndipo tuanze. Na wale wachache walioanza, tunawaita watu wasio na kazi.

Jumamosi hii ukipita kiwanjani na ukamwona yule jamaa anapuliza filimbi, usipite tu. Muulize ana mipira mingapi. Muulize nani humsaidia. Kama jibu ni hakuna, basi nafasi ya msaidizi iko wazi, na umeona msaidizi anaweza kufika wapi.