William Marshal

William Marshal (1146 au 1147 hivi – 14 Mei 1219) alikuwa askari farasi na kabaila wa Uingereza aliyewatumikia wafalme wa nchi hiyo kuanzia Henry II hadi Henry III. Anakumbukwa hasa kwa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka 1215-1217.

Utoto

Alizaliwa wakati Stephen na Matilda wakipigania taji la Uingereza. Baba yake, John, alikuwa upande wa Matilda. Mwaka 1152 Stephen aliizingira ngome ya John huko Newbury. John aliomba mapigano yasimamishwe kwa muda, akamtoa William kama dhamana, kisha akautumia muda huo kuingiza askari na chakula ngomeni. Stephen alitishia kumnyonga mtoto, naye John akajibu kwamba angeweza kupata wana wengine. Hata hivyo mfalme alimhurumia William, akamwacha hai.

Utumishi

Akiwa mwana mdogo asiye na urithi, William alipelekwa Normandy kujifunza kazi ya vita. Alipata sifa na mali katika mashindano ya kivita, ambamo mshindi alichukua farasi na fidia ya aliyemkamata. Mwaka 1170 aliwekwa kuwa mwalimu wa vita wa Henry Kijana, mwana wa Henry II. Baada ya kifo cha kijana huyo mwaka 1183, alikwenda Nchi Takatifu kutimiza nadhiri ya marehemu.

Mwaka 1189 alimwoa Isabel de Clare, mrithi wa ardhi kubwa katika Wales na Ireland. Mwaka 1199 alipewa cheo cha Earl wa Pembroke.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe

Mfalme John alipokataa kushika Magna Carta ya mwaka 1215, makabaila walioasi walimwita Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, atawale badala yake. John alifariki Oktoba 1216, akamwacha mrithi wa miaka 9, Henry III. London na sehemu kubwa ya kusini mashariki zilikuwa mikononi mwa Louis.

William, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, alichaguliwa kuwa kaimu wa mfalme. Mwezi Novemba alitoa upya Magna Carta kwa jina la mfalme mtoto, hivyo waasi wakapungukiwa na sababu ya kupigana. Tarehe 20 Mei 1217 aliongoza mwenyewe mapigano ya Lincoln na kushinda. Katika mapatano ya Septemba, Louis alilipwa ili aondoke, na waasi wakarudishiwa ardhi zao. Wengine walimlaumu William kwa upole huo, lakini vita viliisha.

Kifo

Alifariki Caversham baada ya kupokelewa katika shirika la watawa askari wa Hekalu, akazikwa katika kanisa lao mjini London. Wanawe watano walimrithi mmoja baada ya mwingine, lakini kufikia mwaka 1245 wote walikuwa wamefariki bila kuacha mrithi.