Siti binti Saad na Wenzake: Taarab ya Kiswahili kati ya Unguja na Mvita

Jina la Siti binti Saad halihitaji utambulisho mbele ya mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Wengi wetu tulikutana nalo kwanza katika wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert. Aghalabu hutajwa kuwa ndiye aliyeitoa taarab katika Kiarabu na kuitia katika Kiswahili, tena kana kwamba alifanya hivyo peke yake. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa nia ya kuipima kauli hiyo, yakimtazama kutoka Mombasa, mji alikotoka mmoja wa wapigaji wake.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mnamo 1880. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara na walionja utumwa. Naye akapewa jina la Mtumwa. Hakusoma wala kuandika. Kama wanawake wengi wa shamba, alifinyanga vyungu na kuvipeleka mjini kuviuza, akivinadi kwa sauti iliyowafanya wapita njia wasimame. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Huko ndiko alikopata jina la Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Umbali uliopo kati ya majina hayo mawili ndio umbali aliousafiri maishani.

Taarab ya Unguja wakati huo ilikuwa na sura ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na nyimbo zilizofuata ziliimbwa kwa Kiarabu. Kundi la Nadi Ikhwani Safaa liliasisiwa mwaka 1905, nalo lilikuwa la wanaume. Siti alifunzwa uimbaji na mwanamuziki wa kundi hilo, kisha akajiunga na wenzake: Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Maalim Shaaban na Mbaruk Effendi Talsam, mwana wa Mombasa.

Mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay, Uhindi, wakarekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice. Hiyo ilikuwa miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za muziki wa Afrika Mashariki. Kufikia mwaka 1931, santuri zao zipatazo 72,000 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Sauti iliyozoea kusikika barazani usiku sasa iliweza kusikika katika miji ambayo mwimbaji mwenyewe hakuwahi kuikanyaga.

Umaarufu huo haukumkinga na kejeli. Walikuwapo waliomwimba vibaya kwa ajili ya nasaba na sura yake. Alijibu kwa wimbo uliotanguliza akili na maarifa mbele ya uzuri wa uso. Hakukomea kujitetea. Wimbo wa Kijiti ulisimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa: mtuhumiwa akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi wakafungwa. Kwa njia hiyo mambo ya mahakama yalijadiliwa upya na watu ambao mahakama hazikuwasikiliza.

Je, ni sahihi kusema kwamba Kiswahili kiliingia katika uimbaji wa namna hii kwa Siti? Hapa ndipo Mombasa inapotudai haki yake. Huko Lamu na Mombasa, mashairi ya Kiswahili yalikuwa yakiimbwa kwa kibangala au gambusi kabla ya safari ya Bombay. Nyimbo za gungu, ambazo mapokeo huzihusisha na Liyongo, ni za kale zaidi. Nao ushairi wa Mvita ulikuwa umekwisha komaa kwa Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, mwenye kulitumia shairi kuzungumzia siasa, mapenzi na ugomvi wa mitaani. Kwa hiyo Mbaruk Talsam hakutoka katika mji usio na wimbo. Alitoka penye hazina ya lugha ileile ambayo kundi lao liliipaza.

Hoja hii haimpunguzii Siti hadhi yake. Inaiweka mahali pake. Alichokifanya yeye na wenzake si kuvumbua wimbo wa Kiswahili. Walikichukua Kiswahili kilichokuwa kikiimbwa pwani nzima, wakakiingiza katika ala za taarab ya kasri, wakakikabidhi kwa santuri, na wakakipa ujasiri wa kusema habari za wanyonge. Kazi hiyo ilihitaji sauti moja ya ajabu. Ilihitaji pia mikono ya wapigaji ambao majina yao leo hutajwa kwa nadra.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Jarida la Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania lilikuja kuitwa Sauti ya Siti. Mbaruk alifariki 1959, na Mombasa iliendelea kuwa na taarab yake, kwa kina Juma Bhalo, aliyefariki 2014, na Zein l'Abdin, aliyefariki 2016. Ni wajibu wetu, wanafunzi wa Kiswahili, kuwatafiti wenzake Siti kwa bidii ileile tunayomtafiti yeye. Anayemsifu mwimbaji na kuwasahau wapigaji amesikia nusu ya wimbo.